Kabla ya Kupitisha Kapu la Mchango

Mchango wa arusi hauna maelezo marefu. Kila mtoaji anajua pesa zinakwenda kwenye hema, chakula na nguo za maharusi. Mchango wa kununua kipande cha ardhi ili kisilimwe wala kujengwa una maswali, na jirani atayauliza mbele za watu: shamba ni la nani sasa, na hati itaandikwa jina la nani? Kamati isiyoweza kujibu hayo mawili bila kutazamana haijafika wakati wa kuomba hata shilingi mia. Kwa maoni yangu michango ya ardhi hukwama kwenye hati kabla ya kukwama kwenye pesa, kwa hiyo nitaanza na makaratasi.

Lakini kwanza mfano wa ardhi ninayoizungumzia: uwanda wa Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Mashamba ya walowezi yaligawiwa familia za Kiafrika miaka ya uhuru, na tangu hapo kila kizazi kimeyakata tena. Leo ni viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa, na katikati yake vimebaki viraka vya nyasi zinazoota kwa mafungu. Humo anaishi Sharpe's longclaw, ndege mdogo mwenye kifua cha njano asiyepatikana nchi nyingine yoyote ila Kenya. Kiota chake hukijenga chini, kwenye shina la fungu la nyasi. Trekta ikipita mara moja, makao hayo yamekwisha. Nature Kenya, shirika lililotokana na chama cha wapenzi wa viumbe na mimea kilichoanzishwa 1909, limenunua vipande kadhaa huko na kuviacha vibaki nyasi. Si mbuga. Ni mashamba ya kawaida ambayo ungeyapita kwenye matatu bila kugeuza kichwa.

Hatua ya kwanza ni kujua kama kipande chenu ni cha kununuliwa kweli. Kama ni uwanja wa shule, bustani ya mtaa au eneo lililotengwa kwa matumizi ya umma, msichange pesa za kumlipa mtu aliyejimegea. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa mabomu ya machozi walipoandamana kwa sababu uwanja wao umezungushiwa ukuta. Hakuna aliyesema wazazi wachange wamlipe yule aliyejenga ukuta, na ingekuwa kichekesho kusema hivyo. Mahali kama hapo mchango uwe wa mpima ardhi, wa wakili na wa kufuatilia hati ya shule. Ni pesa kidogo zaidi, na hutumika vizuri zaidi.

Kama ni ardhi ya mtu binafsi, nendeni kwenye ofisi ya ardhi mkafanye utafutaji rasmi. Mtaona jina la mwenye hati, ukubwa wa ardhi, na kama ina mkopo wa benki au zuio. Hapa ndipo wengi wanapokuta hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani na urithi haujapitia mahakamani. Basi yule anayewauzia, hata awe mkarimu kiasi gani, bado hana cha kuuza. Msimpe hata ya chai. Mwambieni kwa heshima, "Mzee, maliza kwanza mambo ya urithi, sisi tupo." Mnaweza hata kumsaidia gharama za kesi, mradi iandikwe kwamba itakatwa kwenye bei.

Mkimpata mwenye hati halali, ombeni muda kwa maandishi: kwa mfano miezi sita ambayo hatamuuzia mtu mwingine, kwa bei mliyokubaliana, nanyi mkimlipa kiasi kidogo kwa ajili ya kusubiri. Bila karatasi hiyo, siku tangazo la mchango litakapotoka dalali wa ploti atakuwa mlangoni kwake na bei ya juu. Kwa ardhi ya kilimo kumbukeni Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Ombi la idhini hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba wa mauzo, na mbele ya bodi mke au mume wa muuzaji huulizwa kama amekubali. Mama wa nyumba akisema hakujua habari hizo, mmerudi mwanzo. Nendeni mkamwone mapema, nyumbani kwake.

Sasa jina la kwenye hati. Hapa nina msimamo mkali: lisiwe la mwenyekiti, hata kwa muda. Mwenyekiti akifa, watoto wake watakuwa na hati halali mikononi nanyi mtakuwa na risiti za michango. Tafuteni wadhamini waliosajiliwa kisheria kwa namna ambayo mali inabaki ya chombo, si ya mtu, wadhamini wakifa au wakibadilika. Au ungeni na shirika la uhifadhi ambalo tayari linamiliki ardhi. Wakili aandike kwenye waraka wa udhamini kwamba kipande hakiuzwi wala kukatwa. Ndugu walioko ughaibuni wachange kwa moyo, lakini kama kuna waliobadili uraia mwambieni wakili, kwa sababu Katiba ya 2010, ibara ya 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, na udhamini nao huangaliwa ni wa manufaa ya nani.

Pengine si lazima kununua. Kusini mwa Nairobi, Kitengela, mwaka 2000 familia za Wamaasai zilianza kulipwa kwa ekari, mwanzoni shilingi 300 hivi kwa mwaka, ili wasizungushe ua wala kuuza, na wanyama wa mbuga ya Nairobi wapite. Malipo yalipangwa yafike wakati wa karo. Mpango wa namna hiyo haumalizi tatizo, kwa sababu mwaka pesa zikikosekana ua unapigwa, lakini unawafaa watu wasio na uwezo wa bei kamili. Njia nyingine ni kuweka sharti la mazingira juu ya ardhi yenyewe: sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 112, inaruhusu mahakama kuweka masharti hayo huku mwenye ardhi akifidiwa. Ardhi inabaki yake na mifugo yake inaendelea kula. Anachopoteza ni kulima na kujenga.

Mkiamua kununua, fanyeni hesabu nzima kabla ya kutangaza. Tuseme ekari moja ni shilingi milioni 1.5. Ongezeni ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya vijijini na 4 mjini, kisha mpima, wakili, nguzo za mipaka na matunzo ya mwaka wa kwanza. Mimi ningeongeza moja ya tano ya bei, ifike milioni 1.8. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo kila mita inagharimu karibu shilingi 450. Chukueni karatasi kubwa ya manila, mchore visanduku 405, kila kimoja mita za mraba kumi, shilingi 4,500. Itundikeni kituo cha kukusanya maziwa, maana hapo kila mkulima hupita asubuhi na kopo lake. Chama kikichukua kisanduku, kipakeni rangi siku hiyohiyo. Andikeni chini kwa herufi kubwa kwamba kisanduku ni mchango, si umiliki. La sivyo mwaka ujao mtu atakuja na kamba kupima sehemu yake.

Maziwa pia ni njia. Wakulima 50 wanaopeleka lita 10 kila siku, wakikubali kwa sahihi zao shilingi moja ya kila lita ikatwe ofisini, wanaleta shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000, sawa na visanduku 40, bila kikao hata kimoja cha kuombana. Akaunti iwe na sahihi tatu, namba ya paybill iwe ya mfuko na si simu ya mweka hazina, na orodha ya waliotoa isomwe kila wiki, WhatsApp na ubaoni kanisani au msikitini. Hesabuni zilizofika tu. Ahadi ziandikwe pembeni, kwa penseli. Na muulize ofisi ya utawala kama mchango wa hadharani unahitaji kibali.

Mgeni wa heshima mwanasiasa? Anaweza kuja na bahasha nono, lakini uchaguzi unaofuata kipande kitakuwa chake midomoni mwa watu, na wapinzani wake watakikataa pamoja naye. Mimi ningemwalika aje kama jirani, achukue visanduku vyake vitatu, anywe chai. Lingine la kuandika mapema: lengo lisipotimia, pesa zinarudishwa, au zinahamia kipande kingine? Kila mtoaji alijue kabla hajabonyeza simu.

Hati ikishatoka, kazi ya kutunza inaanza, na hapa watu wema huharibu. Wakisikia uhifadhi, mkono unakwenda kwenye miche. Kinangop mikaratusi ni adui wa nyasi sawa na trekta, na ndege yule hakai penye miti. Nyasi zikiachwa bila kuliwa kabisa nazo hurefuka mno asiweze kuishi humo. Kondoo wachache wa majirani, kwa zamu na kwa malipo madogo, wanafaa zaidi kuliko ua na walinzi. Malipo hayo yaingie akaunti ileile ya mfuko, yalipe kodi ya ardhi na mtu wa kukagua mipaka kila mwezi. Kwenye mkutano wa mwaka idadi ya kondoo isomwe pamoja na hesabu za pesa, ili kundi la mjumbe wa kamati lisije likawa kubwa kuliko ya wengine wote.