Kraken na Siri ya Kuelea

Wavuvi wa Norwei walikuwa na njia yao ya kumtambua Kraken, dude kubwa la baharini katika masimulizi yao. Siku ya jua kali wakati wa kiangazi, wakiwa wamepiga makasia mbali na nchi kavu, walishusha bildi, yaani kamba yenye uzani ya kupimia kina, mahali walipojua kina chake ni pima 80 au 100. Ikigota kwenye pima 20 au 30, na samaki wakawa tele kupita kawaida, walisema kilichoko chini yao si mwamba bali ni mnyama. Walivua upesi huku wakipima tena na tena. Kina kikizidi kupungua walikimbia, maana mwenyewe alikuwa anapanda.

Habari hizi zilikusanywa na Erik Pontoppidan, askofu wa Bergen, katika kitabu chake kuhusu maumbile ya Norwei kilichotoka mwaka 1752 na 1753. Aliandika kuwa mgongo wa Kraken una mzunguko wa maili moja na nusu, kwamba mikono yake huinuka juu ya maji kwa urefu wa milingoti, na kwamba akizama maji huzunguka kwa nguvu hata kuvuta vyombo chini. Mnyama wa ukubwa huo hayupo. Lakini askofu alijiuliza pia swali la kitaalamu: huyu ni wa jamii gani? Akajibu kuwa huenda ni jamaa ya pweza au kiti cha pweza, na hapo alikuwa amekaribia sana.

Nasadiki kuwa nyuma ya masimulizi yale kulikuwa na watu walioona kitu cha kweli. Walichokiona, angalau kwa sehemu, ni ngisi mkubwa wa kilindini, ambaye wanasayansi humwita Architeuthis dux. Ili tumwelewe, tuanze na swali dogo: kitu huelea kwa sababu gani?

Chukua ngisi mbichi wa kawaida, wa kununua soko la samaki la Feri jijini Dar es Salaam, umtumbukize kwenye ndoo ya maji ya bahari. Atazama. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi. Nyama yake ya ujazo huo huo inazidi hapo. Kinachoyazidi maji uzito huenda chini, basi. Sasa mgeuze ngisi wako utazame chini ya kichwa: kuna mrija mfupi, laini, unaoingia kidole. Akiwa hai huvuta maji ndani ya mfuko wa mwili wake, kisha huyafyatua kupitia mrija huo na kujisukuma. Akiacha kujisukuma anaanza kushuka, na kila msukumo una gharama yake ya chakula.

Samaki wengi huepuka gharama hiyo kwa kibofu cha hewa. Tatizo ni kwamba hewa hubanika. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo linalolingana na la anga yote iliyo juu yetu, hivyo kwenye mita 900 shinikizo ni mara 91 ya lile la ufukweni. Hewa iliyojaza ndoo juu ya maji ingebanwa huko hadi ienee kwenye kikombe. Kimiminika hakibaniki hivyo, na ngisi mkubwa hutumia kimiminika.

Mwili unapovunja protini hutoa amonia, taka yenye sumu. Sisi huigeuza kuwa urea na kuitoa kwa mkojo. Ngisi huyu huihifadhi nyingi ndani ya nyama yake, ikiwa katika hali ya chumvi iliyoyeyuka. Faida yake iko kwenye uzito wa chembe. Chembe ya sodiamu, iliyojaa katika maji ya bahari, ina uzito wa 23 kwa kipimo cha wanakemia. Ya amonia katika chumvi hiyo ina 18. Ukiweka nyepesi mahali pa nzito, mwili una chumvi ya kutosha lakini umepungua uzito. Ndiyo maana mnyama wa kilo 275 anaweza kuning'inia gizani bila kupiga pezi. Ndiyo maana pia nyama yake ni chungu, haifai kwa mchuzi.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo iliyomfikisha machoni pa watu. Ngisi wa kawaida akifa huzama. Huyu akifa au akiwa mahututi hupanda, na mawimbi humsukuma hadi mikononi mwa wanadamu, mara nyingi akiwa ameshaliwa nusu. Mvuvi aliyekuta mnyiri mmoja wa mita kadhaa, wenye vikombe vya kunyonyea vilivyozungushiwa meno madogo, alilazimika kumkisia aliyebaki. Makisio hayo, yakipita mdomo hadi mdomo katika baridi ya kaskazini, hayangeweza kuwa madogo.

Kraken hakutokana na ngisi peke yake. Kitabu cha Norwei cha karne ya 13, Konungs skuggsjá, kinamtaja mnyama aitwaye hafgufa, anayefumbua kinywa na kuacha samaki wajiingize wenyewe. Tangu mwaka 2011 watafiti wameshuhudia nyangumi wakivua vivyo hivyo, wametulia juu ya maji na kinywa wazi. Ni uchunguzi wa makini uliohifadhiwa ndani ya hadithi.

Sayansi ilimpokea ngisi huyu vipande vipande. Mwaka 1857 Japetus Steenstrup wa Denmark alimpa jina kwa kuchunguza mdomo wake mgumu, wenye umbo la mdomo wa kasuku. Mwaka 1861 mabaharia wa meli ya Kifaransa Alecton walijaribu kumpandisha mmoja karibu na Tenerife. Kamba ikamkata, wakabaki na kipande cha mkiani. Mwaka 1873, huko Newfoundland, mchungaji Moses Harvey alinunua kutoka kwa wavuvi ngisi aliyenaswa wavuni, akaitandaza minyiri yake juu ya ufito wa bafu na kumpiga picha. Kuanzia hapo ubishi ulipungua.

Tabia yake tuliijua baadaye sana. Kwa kuwa mwili wake hauhitaji kuogelea ili usizame, wengi walidhani ni mvivu anayesubiri chakula kimfuate. Septemba 2004, karibu na visiwa vya Ogasawara, Tsunemi Kubodera na Kyoichi Mori wa Japani waliteremsha kamera na chambo hadi mita 900. Ngisi alikivamia chambo kwa minyiri yake miwili mirefu, akanasa, akapambana zaidi ya saa nne, kisha akajinasua na kuacha mnyiri wa mita 5.5 ukijikunjakunja. Huyo si mvivu.

Jicho lake lina kipenyo cha sentimita 27. Jua halimuliki kina kile, lakini nyangumi-spemaseti, adui yake mkuu, akipita huwagusa viumbe wadogo wanaowaka. Mahesabu yaliyochapishwa mwaka 2012 yanaonyesha kuwa jicho la ukubwa huo linaweza kuuona mng'ao wa nyangumi kutoka mita 120 na zaidi, umbali unaomwachia ngisi nafasi ya kukwepa.

Mwaka huo huo mwanasayansi Edith Widder alitumia ujuzi wa mwanga kumwita. Aliwasha taa nyekundu ambazo wanyama wengi wa kilindini hawazioni, akatundika kifaa kinachoiga mduara wa buluu ambao kiwavi wa baharini aitwaye Atolla huuwasha anaposhambuliwa. Ngisi mkubwa alikuja. Hakukigusa kile kiwavi bandia. Alirukia chombo kikubwa kilichokuwa kando yake, kwa kuwa mwanga ule humwambia kuwa kuna mlaji yuko hapo, na mlaji huyo ndiye windo lake.