Kijidudu kinachojificha katika maziwa ya kopo

Mwezi huu tunazungumza na nyumba zenye mtoto mchanga anayepewa maziwa ya kopo, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Tutakwenda kwanza Marekani, kwa sababu huko wataalamu walifuata nyayo za kijidudu kimoja mpaka nyumbani kwa wagonjwa, na walichokiona kinahusu pia majiko yetu.

Kijidudu hicho kinaitwa Kronobakta. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 2007, nalo linatokana na Kronos, mungu wa hadithi za Wagiriki wa kale aliyewameza watoto wake. Ni jina la kutisha, lakini linafaa. Mtu mzima mwenye afya ni nadra kudhurika nacho. Mtoto wa chini ya miezi miwili, hasa njiti, kikimwingia katika damu au kwenye utando wa ubongo anaweza kufa, au akipona akabaki na ulemavu. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, tusiogopeshane.

Je, kinaishi wapi? Kwenye udongo, kwenye maji, kwenye sinki la jikoni, na hata katika unga mkavu, ambamo hukaa miezi mingi bila kufa. Wengi hudhani kopo jipya ni safi kama dawa ya sindano. Sivyo. Maziwa ya unga hutengenezwa kwa uangalifu, lakini kiwanda hakiwezi kuua kila kijidudu kilichomo.

Septemba 2021 mtoto wa wiki mbili, aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia, aliugua kwa Kronobakta. Kopo lililokuwa limefunguliwa nyumbani kwao lilipimwa, likakutwa na kijidudu hichohicho. Zamani uchunguzi ungeishia kwenye jina tu. Siku hizi wanasoma jenomu, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya kijidudu. Hukiotesha kwanza katika maabara, kisha mashine husoma herufi zake, zaidi ya milioni nne. Kila kijidudu kinapojigawa hunakili maandishi hayo, na mara chache hukosea herufi. Kwa hiyo vijidudu viwili vyenye makosa yaleyale ni wa ukoo mmoja, kama vile mwalimu anavyowatambua wanafunzi wawili walionakiliana kwa kuona wamekosea mahali pamoja. Kijidudu cha mtoto na kile cha kopo vilikuwa wa ukoo mmoja. Mtoto huyo alitibiwa akapona.

Februari 2022 njiti mmoja aliyekuwa bado amelazwa hospitali alifariki. Safari hii kijidudu kilichofanana na chake kilikutwa katika pampu ya kukamulia maziwa ya mama, nyumbani. Pampu ilikuwa ikioshwa katika sinki na kutakaswa, lakini mara nyingine iliunganishwa ikiwa bado na unyevu. Tunaomba asilaumiwe mama yule. Sinki na unyevu, basi.

Viwanda navyo havikwepi. Ufaransa, watoto wachanga waliugua salmonela mwaka 2005 na tena mwaka 2017, na mara zote mbili maziwa yalitoka kiwanda kimoja cha Craon. Taasisi ya Pasteur ilisoma jenomu ikakuta ni ukoo uleule, miaka 12 baadaye.

Sasa tuje kwetu. Maziwa ya mama moja kwa moja kutoka titi hayapiti sinki wala kijiko. Kama lazima ni kopo, chemsha maji, yaache yasizidi nusu saa, kisha changanya unga yakiwa bado ya moto, si chini ya nyuzi 70. Moto huo ndio unaoua kijidudu. Maji ya uvuguvugu hukikaribisha tu. Kisha poza kikombe katika beseni la maji baridi, na uonje joto kwenye kifundo cha mkono kabla ya kumpa mtoto. Tumeona familia zinazochanganya maziwa jioni na kuyatia katika chupa ya chai ili yafike alfajiri. Jamani, msifanye hivyo! Katika joto hilo la wastani vijidudu huzaana usiku kucha. Maziwa yaliyokaa saa mbili bila friji yamwagwe, hata kama bei ya kopo inauma.

Kikombe kidogo na kijiko ni afadhali kuliko chupa ya chuchu, kwa kuwa husuguliwa kila pembe. Vichemsheni, na viache vikauke kabisa juu ya kichanja safi. Bibi anayebaki na mjukuu afundishwe pia, kwani mara nyingi ndiye anayemlisha.

Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anayelia bila kunyamazika, aliyelegea, mwenye homa, mwili wa baridi au degedege, aletwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Kopo nalo mje nalo, hata kama umebaki unga wa kijiko kimoja, wala msibandue namba iliyopigwa chini yake.