Jiwe la Makanya: Ni Lini Madini Huitwa Mapya?

Nikiwa Same kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea jiwe jeupe linalong'aa, amelifunga kwa karatasi ya daftari. "Mwalimu, nimelitoa Makanya. Nimegundua madini mapya. Naweza kuyapa jina langu?" Darasa likacheka. Nakiri, na mimi nilicheka. Alirudi kukaa kimya, na kipindi kizima hakunyoosha mkono tena. Ukweli ni kwamba nilicheka kwa sababu jibu sikuwa nalo.

Basi nikaenda kusoma. Wenzangu mnaojiandaa kufundisha, swali hili litawafikia pia.

Kwanza, madini hayawi mapya kwa kuwa wewe hujawahi kuyaona. Lazima uonyeshe yameundwa na elementi gani, kwa uwiano upi, na atomu zake zimepangwaje ndani ya fuwele. Chukua tanzaniti ya Merelani. Ilijulikana mwaka 1967, dunia nzima ikaishangaa. Kumbe kisayansi ni zoisiti, madini yaliyofahamika tangu 1805. Buluu yake inatokana na vanadi kidogo tu. Jina ni la sokoni. Lakini kwenye mawe ya Merelani hiyohiyo kulikuwa na vinyweleo vyeusi ambavyo watu walividhania kuwa molibdeniti. Vilipopimwa, vikakutwa na muundo wa peke yake, na mwaka 2016 vikatambuliwa kuwa madini mapya: merelaniiti. Hakuna anayevitengenezea hereni, lakini ni vipya kweli.

Pili, kuona si kueleza. Lava ya Ol Doinyo Lengai ni ya ajabu: hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati lava ya kawaida ya basalti huzidi 1,000. Hutoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi. Maana yake sampuli usipoitunza pakavu, unabaki na kitu kingine kabisa. Ndani ya lava hiyo kuna kaboneti ya sodiamu na kalsiamu iliyopewa jina la nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Ilikubaliwa mwaka 1963, lakini maelezo ya kina ya fuwele zake yalichapishwa 1977. Miaka kumi na minne!

Tatu, jina halijipachiki. Tume ya kimataifa ya wataalamu wa madini hupitia vipimo vyote na kupiga kura. Sampuli ya kwanza huhifadhiwa makumbusho ili mwingine aweze kuikagua. Ukitaka kutumia jina la mtu aliye hai, sharti akubali.

Kipindi kilichofuata nilianza kwa kumwomba radhi mbele ya wenzake. Kisha nikamwambia akwaruze jiwe lake kwa ukucha. Likakwaruzika. Jasi, ileile inayochimbwa Makanya. Alinyong'onyea kidogo, ila nikampa karatasi aandike: rangi, ugumu, mahali, tarehe. Mstari wa mwisho ulisema "aliyeokota". Akajaza jina lake kwa herufi kubwa, na jiwe sasa liko kwenye kabati la maabara.

Wiki iliyofuata yaliletwa mawe kumi na moja.