JE, UKIPIGWA KALAMU NANI ATAKULIPA?

Kila mwaka kurasa hizi hutuletea methali, vitendawili na ngeli. Mwaka huu nimeonelea nilete somo ambalo halimo katika silabasi lakini limo katika kila nyumba hapa Shella. Nalo ni somo la bima ya kukosa kazi. Nisome taratibu, kwani kuna hesabu ndani yake, na mwisho kuna maswali.

Kisa kilichonifanya niandike

Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa hapa Kenya. Tarehe 25 mwezi huohuo ndege za abiria kutoka nchi za nje zikasimamishwa. Malindi bila ndege ni Malindi bila watalii, na hoteli zikafunga milango moja baada ya nyingine. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi. Nilichokiona ni kwamba mjomba wangu, ambaye alikuwa mpishi katika hoteli moja kwa miaka 9, alianza kushinda nyumbani.

Mjomba hakuwa na wasiwasi mwanzoni. Alituambia, "Si nakatwa pesa kila mwezi kwenye silipu? Serikali itanilipa mpaka wageni warudi." Kumbe haikuwa hivyo. Zaidi ya hayo, siku wafanyakazi walipoitwa, kila mmoja alipewa karatasi atie sahihi ndipo apate mshahara wa mwezi ule. Mwaka jana nilipokuwa nikitafuta habari za makala haya, mjomba alinitolea karatasi ile kutoka chini ya godoro. Imeandikwa Kizungu, mistari mitatu tu, na maana yake ni kwamba ameacha kazi kwa hiari yake.

Nikamwuliza, "Mjomba, hukuisoma?"

Akanijibu, "Nisome nini, mwanangu, na watu wako foleni nyuma yangu?"

Mistari hiyo mitatu ndiyo somo letu la leo. Tuanze basi.

1. Bima ya kukosa kazi ni nini?

Sote twaujua mchezo wa akina mama. Watu 10 wakitoa shilingi 200 kila wiki, kila mmoja atapata 2,000 zamu yake ikifika. Huo si bima, kwa sababu kila mtu hupata, awe na shida au asiwe nayo. Bima inafanana zaidi na chama cha matanga: wote mnatoa, lakini zinakwenda kwa yule aliyefikwa na msiba. Asiyefikwa hushukuru Mungu na kuendelea kutoa. Sasa badala ya msiba wa kifo, weka msiba wa kazi kukatika. Mfanyakazi anatoa kidogo katika mshahara wake, mwajiri naye aghalabu anatoa, na anayepoteza kazi hulipwa sehemu ya mshahara kwa miezi fulani huku akitafuta kazi nyingine.

Jambo hili si geni duniani. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1911, ikaanza na mafundi wa kazi chache kama ujenzi na uundaji wa meli. Aliyekosa kazi alipata shilingi 7 kwa wiki, kwa wiki zisizozidi 15 katika mwaka. Ujerumani ilifuata mwaka 1927. Mwaka 1952 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Mkataba nambari 102 wenye matawi 9 ya hifadhi ya jamii, na malipo ya kukosa kazi ni mojawapo.

Karibu kila penye bima hii, mtu huulizwa maswali matatu:

(a) Je, umechanga kwa muda uliowekwa?
(b) Je, kazi imekutoka bila kupenda kwako na bila kosa lako?
(c) Je, una karatasi za kuthibitisha hayo?

Tafadhali yakariri maswali haya matatu. Tutayarudia.

2. Hapa kwetu Kenya

Wengi hudhani kama mjomba kwamba NSSF italipa. NSSF ilianzishwa mwaka 1965. Zamani mfanyakazi alikatwa shilingi 200 na mwajiri akaongeza 200. Chini ya sheria ya mwaka 2013, ambayo ilianza kutekelezwa Februari 2023, kila upande hutoa asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango kilichowekwa. Lakini fedha hizo ni za uzeeni, za ulemavu, za warithi na kadhalika. Anayeacha kazi kwa kawaida husubiri mpaka afikishe miaka 50 ndipo aombe. Mjomba alikuwa na miaka 38. Malipo ya kumshikilia mtu aliyekosa kazi hayamo.

Je, ina maana mfanyakazi wa Kenya hana kitu? La, hasha! Anayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Sehemu ya 40 yasema kwamba mtu akipunguzwa kazini bila kosa lake, mwajiri lazima atoe notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi au chama chake, na kwa afisa wa leba pia. Kisha amlipe siku za likizo ambazo hakuzitumia, na mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme mhudumu wa hoteli analipwa shilingi 18,000 kwa mwezi, amemaliza miaka 6, na hajaenda likizo ya mwaka huu ya siku 21. Akaondolewa ghafla bila notisi. Kwa hesabu yetu ya darasani, tugawe mshahara kwa siku 30 tupate 600 kwa siku.

Notisi ya mwezi mmoja: 18,000.
Likizo, siku 21 mara 600: 12,600.
Siku 15 mara 600 mara miaka 6: 54,000.
Jumla: 84,600.

Hizo ni mishahara ya miezi minne na nusu hivi. Si haba. Lakini angalieni tofauti: hii si bima. Hulipwa mara moja, na inatoka mfukoni mwa mwajiri yuleyule ambaye pengine amefilisika. Bima ingetoka katika mfuko wa wengi.

Na vibarua je? Hapa kwetu wapo wanaoitwa msimu wa watalii na kuachwa kusi likivuma. Sehemu ya 37 ya sheria hiyo yasema kibarua akifanya kazi siku zinazofuatana ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, hawezi tena kufukuzwa kama mtu wa kutwa. Anakuwa na haki ya notisi kama wa mwezi. Wengi hawajui, kwa hivyo hawadai.

Sasa turudi kwa karatasi ya mjomba. Swali (b) lilikuwa: kazi imekutoka bila kupenda kwako? Karatasi yasema alipenda. Kwa sahihi moja, zile siku 15 mara miaka 9 zikayeyuka. Angeweza kulalamika na kueleza jinsi alivyotia sahihi, lakini sheria ilimpa miaka 3 ya kupeleka madai yake mahakamani. Tulipokuja kuisoma sote wawili barazani, miaka hiyo ilikuwa imekwisha pita. Siku hizi mjomba anavua kwa dau la mwenyewe, wakigawana samaki.

3. Kwa majirani zetu Tanzania

Tanzania wao wamepiga hatua. Mwaka 2018 walibadilisha sheria za mifuko yao na kuanzisha Fao la Upotevu wa Ajira. Neno "fao" maana yake ni faida au malipo ambayo mwanachama anapata. Nimelipenda, nasi tulitumie. Mwanachama aliyechanga miezi 18 au zaidi, ambaye hajafikisha miaka 55 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6.

Kwa mfano aliyekuwa akilipwa shilingi 600,000 za Tanzania atapata karibu 200,000 kila mwezi, yaani karibu 1,200,000 kwa miezi yote. Theluthi ya mshahara haijengi nyumba, lakini inanunua unga na kulipa karo. Tena ona: miezi 18 ni swali (a), na "hakuacha kwa hiari" ni swali (b).

4. Anayevuka mpaka

Hapa ndipo mambo yanapotatiza. Kutoka hapa mtu anaweza kupita Lunga Lunga akaingia Horohoro, na jioni yuko Tanga. Wako ndugu zetu wanaopika na kuongoza wageni upande huo. Wakipoteza kazi, wamdai nani?

Ulaya walilazimika kulijibu swali hili mapema, maana kuna mtu analala Ufaransa na kufanya kazi Luxembourg kila siku. Kanuni nambari 883 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya iliweka kwamba mtu huyo achange anakofanyia kazi, lakini akikosa kazi kabisa, alipwe na nchi anakoishi. Miezi aliyochanga ng'ambo ya mpaka haipotei. Huhesabiwa pamoja na ya kwao.

Sisi tuna Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2010. Kifungu cha 10 chasema mfanyakazi kutoka nchi mwanachama atapata haki za hifadhi ya jamii kama wanavyopata wafanyakazi wa nchi aliyomo. Kanuni za utekelezaji ziliachiwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Kwa hivyo anayevuka ahakikishe ana kibali, ameandikishwa katika mfuko wa kule, na ameweka nambari yake ya uanachama. Mkenya anayefanya kazi kule kwa mlango wa nyuma hana swali hata moja kati ya yale matatu ambalo anaweza kulijibu.

5. Ghuba

Sasa nafika penye uchungu wangu wa pili. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko mbioni kwenda Dubai kufanya kazi ya nyumbani. Wakala aliyemwandikisha alimwambia asiogope, kwani "huko ukifutwa kuna bima." Dada akaja kwetu na furaha tele. Mimi nikaenda kusoma.

Ni kweli bima ipo. Falme za Kiarabu zilitunga sheria mwaka 2022 na bima ikaanza tarehe 1 Januari 2023, kwa raia na wageni pia. Mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirhamu 16,000 hutoa dirhamu 5 kwa mwezi. Akiisha changa miezi 12, kisha akaachishwa kazi bila kujiuzulu na bila kosa la nidhamu, hupata asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa miezi isiyozidi 3 kwa kila dai. Mwenye dirhamu 2,000 atapata 1,200 mara 3, yaani 3,600. Dai lipelekwe katika siku 30, naye awe bado yuko nchini kihalali.

Lakini sheria hiyohiyo imewataja wasiohusika, na miongoni mwao ni wafanyakazi wa nyumbani. Yaani bima aliyoahidiwa dada ipo kwa mhudumu wa duka na wa hoteli, ila kwake yeye haipo.

Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitakwenda tu, mdogo wangu. Hapa nikae nifanye nini?" Sikuwa na jibu. Ila tulikubaliana mambo mawili: mkataba wake atautolea nakala mbili, moja abaki nayo mama mkubwa, na hatahesabu pesa za bima ambayo si yake.

6. Tufanyeje sisi?

Baadhi yetu tutakuwa kazini kabla ya miaka mitatu kwisha. Nashauri hivi:

Kwanza, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Omba nakala, uilete nyumbani, mtafute mtu wa kukusomea. Kuachishwa na kuacha ni maneno mawili tofauti. Katika ngeli za sarufi kosa hukupotezea maki moja, lakini katika kauli ya kitenzi hiki kosa lilimpotezea mjomba miaka 9.

Pili, weka silipu, barua ya kuandikwa kazi na nambari ya NSSF mahali pamoja.

Tatu, usingoje. Afisi ya leba ni ya umma, na madai yana muda wake.

Nne, tuulize kwa nini sisi hatuna fao kama la majirani. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 chatambua haki ya kila mtu ya hifadhi ya jamii. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya zoezi

1. Eleza tofauti kati ya mchezo, chama cha matanga na bima.
2. Mpishi analipwa shilingi 24,000 kwa mwezi. Amepunguzwa kazini baada ya kumaliza miaka 4. Piga hesabu ya siku zake 15 kwa kila mwaka.
3. Tunga sentensi mbili ukionyesha tofauti ya "ameacha kazi" na "ameachishwa kazi".
4. Nenda nyumbani umwombe mzee mmoja akuonyeshe barua yake ya kazi. Je, ipo?

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote. Majibu tuyalete katika kikao cha chama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu