Ukiuza Subaru ya Turbo, Sema Yote

Andiko: Mithali 20:14, Mithali 11:1

Mithali 20:14 mtu yeyote aliyewahi kuuza gari analijua hata kama hajalisoma. Mnunuzi anazunguka gari, anapiga tairi teke, anakwambia halifai. Akishaondoka nalo, anajigamba kwa marafiki vile alikupunguza bei. Lakini leo tuangalie muuzaji, maana vijana wetu kadhaa wana Impreza WRX na wanataka kuziuza.

Gari hili tunalipenda, na sababu iko. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, naye Richard Burns mwaka 2000, wengine wetu tukiwa watoto.

Sasa hesabu. Uliweka turbo kubwa, ekzosi mpya, springi fupi, na kompyuta ya injini ukaipangisha upya. Unajumlisha risiti zote juu ya bei uliyonunulia na kusema hiyo ndiyo bei. Kibiashara, pesa iliyokwisha kutumika haipangi bei ya leo. Soko halinunui risiti zako. Wanunuzi wengi huogopa gari lililochezewa, na wangelipa zaidi lile liko vile lilivyotoka kiwandani. Kama ulihifadhi vipuri vya asili, rudisha vinavyorudi, hizo spea zingine uziuze kando. Hili halihitaji kesha.

Kazi iko kwenye ukweli. Injini ya EJ20 ina pistoni zinazolala ubavu, na turbo yake inaishi kwa oili safi. Ukiongeza presha kupita ya kiwandani bila kuipangisha vizuri, pistoni zinaweza kupasuka. Oili ikipungua, beringi zinaliwa. Kwa nje huoni kitu. Siku ya kuonyeshwa linawaka vizuri, wiki ya tatu linaanza kugonga. Wewe unajua injini imefunguliwa mara ngapi, yeye hajui. Mizani ya Mithali 11:1 iko hapo hapo, kwenye kunyamaza kwako.

Kwa hivyo mwandikie: nini kilibadilishwa, lini, na nani alikifunga. Mwache aje na fundi wake, si wako, apime kompresheni ya silinda zote nne. Na usitangaze nguvu za farasi 400 kama gari halijawahi kupimwa kwenye mashine. Kampuni za Japani zenyewe, hadi 2004, zilikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya 280. Wewe unapima kwa sikio! Kama uliongeza nguvu na ukaacha breki zile zile, sema. Hapo si pesa tena, ni maisha ya mtoto wa mtu.

Ndugu mmoja aliniuliza, "Pastor, nikisema haya yote si nitakosa mnunuzi?" Wengine utawakosa, ndiyo. Wengine watashusha bei, na sitakudanganya kwamba hiyo tofauti itarudi Jumatatu.

Halafu karatasi. Kama injini au rangi ilibadilishwa, rekodi ya NTSA na logbuku zionyeshe hivyo kabla ya kuuza. Uhamisho unauanzisha wewe kwenye eCitizen, naye anaukubali upande wake. Fanyeni hivyo mkiwa pamoja, kabla hajashika funguo. Gari likibaki kwa jina lako na ligonge mtu Thika Road usiku, polisi wataanza na mlango wako.