Somo la Ufundi: Mota ya Katikati ya Baiskeli Hutaka Gia, Si Ampea Zaidi

Jina la boda boda lilizaliwa hapa Busia. Katika miaka ya 1960, waendeshaji baiskeli waliwavusha abiria na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda, na neno la Kiingereza la mpaka likageuka kuwa jina la kazi yao. Leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini baiskeli bado inabeba omena, magunia ya mahindi, mitungi ya maji na watoto wa shule. Sasa kuna njia ya kuifanya baiskeli hiyo hiyo isaidiwe na umeme bila kuitupa fremu yake: kuifunga mota ya katikati.

Mota hiyo si bei rahisi, na kwa mtu anayeitegemea kupata riziki, ikiungua wiki ya pili hasara ni kubwa. Mara nyingi kinachoiunguza si ubovu wake bali namna ilivyofungwa, ilivyobadilishwa na inavyoendeshwa. Somo hili linaeleza mambo ambayo mkazi na fundi wake wanapaswa kuyajua.

MOTA YA KATIKATI NI NINI?

Baadhi ya mota za baiskeli hukaa ndani ya gurudumu. Ya katikati hukaa chini ya fremu, penye ekseli ya pedali. Ekseli ya zamani hutolewa, na ekseli ya mota huingizwa katika bomba lile lile la fremu. Mota huzungusha sproketi ya mbele, na nguvu zake hupita kwenye mnyororo hadi gurudumu la nyuma.

Maana yake ni kwamba mota na miguu ya mwendeshaji vinatumia mnyororo mmoja na gia zile zile. Hapo ndipo faida yake ilipo: ukiweka gia nyepesi, mota nayo inapata wepesi kama unavyoupata wewe. Hapo hapo ndipo hatari yake ilipo: ukiilazimisha kupanda kilima kwa gia nzito, inateseka kama unavyoteseka wewe, ila yenyewe haiwezi kushuka na kusukuma.

KABLA YA KUNUNUA, PIMA FREMU

Mota nyingi za aina hii, kama BBS02 ya kampuni ya Bafang ya China, hutengenezwa kwa bomba la ekseli lenye upana wa milimita 68 hadi 73. Pima kwa rula kutoka ukingo mmoja wa bomba hadi mwingine. Fremu nyingine za zamani za Black Mamba zina vipimo tofauti, hivyo usilipe pesa kabla ya kupima.

Angalia pia kama fremu ina kutu au ufa karibu na bomba hilo. Mota peke yake ina uzito wa takriban kilo 4, na kila inaposukuma hujaribu kujizungusha ndani ya fremu. Fremu iliyochoka haitastahimili.

Kama baiskeli yako husimama kwa kurudisha pedali nyuma, fahamu kwamba breki hiyo haitafanya kazi tena ukifunga mota ya kawaida ya katikati. Pedali zikirudi nyuma, mnyororo haurudi nazo.

KILIMA HUSHINDWA KWA GIA

Chukua mfano wa mwendeshaji anayepanda vilima vya Samia akiwa na gunia nyuma. Baiskeli yake ina gurudumu la inchi 28, ambalo likizunguka mara moja husogea karibu mita 2.2. Sproketi ya mbele iliyokuja na mota ina meno 46, na ya nyuma ina meno 18. Kila pedali zikizunguka mara moja, baiskeli inasogea takriban mita 5.6.

Kilimani mwendo unashuka hadi kilomita 8 kwa saa. Kwa mwendo huo, pedali na sproketi ya mbele zinazunguka mara 24 tu kwa dakika. Mota za aina hii hufanya kazi vizuri pedali zikizunguka haraka, kama mara 60 au zaidi kwa dakika. Zikiwa 24, umeme mwingi unaotoka kwenye betri haugeuki kuwa mwendo. Unageuka kuwa joto.

Mwendeshaji huyo akiweka sproketi ya nyuma yenye meno 22, mizunguko inapanda hadi 29. Ni nafuu, ingawa ndogo. Akiwa na baiskeli yenye gia za kubadilisha, ambayo sproketi yake kubwa ya nyuma ina meno 34, mizunguko inafika 45 kwa mwendo ule ule wa kilomita 8. Mota ni ile ile, betri ni ile ile na mzigo ni ule ule, lakini sasa mota inapumua.

Kwa hiyo mabadiliko ya kwanza na yenye faida kubwa ni ya gia. Anayeendesha Nambale au Matayos penye tambarare anaweza kuridhika na gia moja. Anayepanda na kushuka kila siku atafute baiskeli yenye gia za nyuma. Sproketi ya mbele pia inaweza kupunguzwa meno, lakini kwa kiasi. Iliyo ndogo kuliko kifuniko cha gia za mota hulazimika kukaa nje zaidi, mnyororo ukatembea mshazari na kuliwa upesi.

Ukibadilisha gia, legeza kwanza. Acha kukanyaga na uachilie kichapuzi kwa sekunde moja, gia iingie, kisha uendelee. Mota ikisukuma kwa nguvu zote wakati mnyororo unahama, meno huvunjika na mnyororo hukatika.

KISHAWISHI CHA KUONGEZA AMPEA

Mota nyingi zina kidhibiti ambacho mipangilio yake inaweza kubadilishwa kwa waya maalumu na kompyuta. Waendeshaji wanaposhindwa na kilima, wengine huomba fundi apandishe ampea. Hesabu inaonyesha kwa nini ushauri huo ni mbaya.

Mota ya volti 48 iliyowekewa kikomo cha ampea 25 huvuta hadi wati 1,200 kutoka kwenye betri. Kikipandishwa hadi ampea 30, inavuta wati 1,440. Hilo ni ongezeko la asilimia 20. Lakini joto ndani ya nyaya za shaba huongezeka kwa mraba wa ampea zinazopita humo. Ampea za nyaya hizo zikipanda kwa asilimia 20, joto linapanda kwa asilimia 44. Ndani ya mota nyingi mna gia ya nailoni, na nailoni ikipata joto hulainika, meno yake yakanyolewa. Dalili yake ni kusikia mota ikizunguka huku pedali na mnyororo vikibaki kimya.

Mabadiliko mazuri ya mipangilio ni yale yanayopunguza makali. Fundi anaweza kufanya nguvu ianze polepole badala ya kuruka ghafla, na hapo mnyororo, gia na betri vyote hudumu zaidi. Anaweza pia kuweka kikomo cha mwendo, kwa mfano kilomita 25 kwa saa. Hakikisha ukubwa wa gurudumu ulioandikwa kwenye skrini ni sahihi, la sivyo mwendo unaousoma ni wa uongo. Na kabla ya kugusa chochote, andika mipangilio ya awali kwenye karatasi.

BREKI KABLA YA MWENDO

Baiskeli inayokwenda kilomita 30 kwa saa inahitaji breki kumeza nguvu mara nne ya ile inayokwenda 15. Breki za vyuma zinazobana rimu ya chuma hushika vibaya mvua inaponyesha. Anayefunga mota atenge pesa za breki bora katika bajeti ile ile, si baadaye.

Mota huja na mikono ya breki yenye swichi inayokata umeme mara tu unapobana. Wengine huiacha kwa sababu haiendani na breki zao za zamani. Hilo ni kosa. Mota inaweza kuendelea kusukuma kwa muda mfupi baada ya miguu kusimama, na muda huo mfupi watosha kumgonga mtoto anayevuka barabara.

RATIBA YA MATENGENEZO

Kila siku kabla ya kuondoka: bana breki zote mbili, kagua upepo wa magurudumu na hakikisha betri imefungwa imara mahali pake.

Kila wiki: inua gurudumu la nyuma, liache lizungushwe na mota, kisha bana breki. Mota isipokata mara moja, usiende kazini hadi swichi itengenezwe. Futa vumbi la murramu kwenye mnyororo kwa kitambaa kikavu, tia mafuta kidogo, kisha futa yanayobaki nje. Mafuta mengi hukusanya vumbi likawa kama msasa.

Shika mota kwa mkono na ujaribu kuitikisa. Ikicheza, nati inayoibana kwenye fremu imelegea. Njia rahisi ya kulitambua hilo mapema ni kuchora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na fremu. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Ikaze kwa spana yake maalumu, si kwa nyundo na patasi.

Kila mwezi: pima mnyororo. Hesabu sehemu 24 kutoka katikati ya pini moja hadi pini nyingine. Mnyororo mpya una milimita 305. Kwa baiskeli ya gia moja, ukifika 308 ubadilishe; kwa baiskeli ya gia nyingi, usisubiri kupita 306 na nusu. Mnyororo uliorefuka hula meno ya sproketi, na sproketi ni ghali kuliko mnyororo.

Mota ikianza kusaga au kulia kuliko kawaida, ipeleke kwa fundi aifungue upande wa gia, asafishe grisi ya zamani na kuweka mpya inayofaa nailoni. Usisubiri inyamaze yenyewe.

MAJI NA MAFURIKO

Wakazi wa Budalang'i wanaijua tabia ya mto Nzoia. Mota ya katikati ndiyo sehemu ya umeme iliyo chini zaidi. Maji yakifika kwenye ekseli ya pedali, mota tayari imezama. Mota hustahimili mvua, lakini haikuundwa kwa kuogelea. Barabara ikifurika, shuka, ondoa betri na uibebe, kisha usukume au urudi. Mota ikizama, usiiwashe kuijaribu. Acha betri nje na umpe fundi aikaushe ndani kwanza. Vilevile usiioshe baiskeli kwa mashine ya maji yenye presha.

BETRI NI MALI NA NI HATARI

Betri ya volti 48 na ampea-saa 10 hubeba wati-saa 480. Kuijaza hutumia takriban nusu uniti ya tokeni, au zaidi kidogo. Kwa mwendeshaji anayekanyaga huku mota ikisaidia, kila kilomita hula wastani wa wati-saa 10 hadi 15, hivyo chaji moja humfikisha kilomita 32 hadi 48. Mzigo na vilima hupunguza safari hiyo.

Betri ya volti 48 yenye seli 13 mfululizo hujaa kwenye volti 54.6. Ile inayouzwa kama ya volti 52 ina seli 14 na hujaa kwenye volti 58.8. Plagi zao zinaweza kufanana kabisa, lakini chaja ya pili ikiijaza betri ya kwanza yaweza kuiwasha moto. Soma namba iliyo nyuma ya chaja kila mara, wala usiazime chaja ya jirani.

Usichaji betri iliyotoka juani ikiwa bado moto. Usichaji ukiwa umelala, wala karibu na mlango ambao ndio njia yenu ya kutokea. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayotoa harufu isitumiwe tena. Moto ukizuka, toeni watu nje kwanza, kisha pigeni 999 au 112. Betri iliyokufa isitupwe jaani wala isichomwe. Ikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mizunguko 24 kwa dakika inaunguza mota?
2. Ampea za nyaya zikipanda kwa asilimia 20, joto linapanda kwa kiasi gani?
3. Utajuaje nati ya mota imelegea bila kutumia spana?
4. Chaja imeandikwa 58.8. Je, inafaa betri yenye seli 13?

Wakazi wanakumbushwa kwamba kabla ya kubeba abiria kwa malipo kwa baiskeli yenye mota, waulize masharti katika ofisi za NTSA na wazungumze na kampuni ya bima. Fundi naye asikubali kupandisha ampea kwa sababu tu mteja amelipa. Amwonyeshe kwanza hesabu ya gia, maana mota ikiungua kilimani Samia, atakayeisukuma hadi nyumbani ni mteja huyo huyo.