SOMO LA WAIMBAJI: Amplifaya Ipi, na Pedali Zipi?



Somo letu la mwezi huu ni la kwaya na vijana wa vyombo, lakini tunawaomba wazazi nao walisome, kwa sababu pesa inayozungumzwa humu ni yao. Kwaya imeanza kualikwa mbali, hasa Jinja na Mbale, na gitaa la solo halina amplifaya yake. Vijana wamegawanyika: wengine wanataka ya valvu, wengine wanataka ya transista. Tumeona ni vema tuliangalie jambo hili pamoja, polepole, kabla mtu hajatoa hata shilingi moja.

Maandiko ya kusoma: Luka 14:28-30, 1 Wakorintho 14:7-9, 1 Nyakati 25:1-7.

1. TUHESABU GHARAMA KWANZA

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anaketi na kupiga hesabu, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Sisi nasi tuketi. Mwaka 2020 shirika la WFP lilipunguza posho ya wakimbizi hapa Uganda kwa asilimia 30, na makato mengine yakafuata. Kila mama anajua sufuria yake ilivyopungua. Kwa hiyo kila noti inayoingia katika kikapu cha vyombo imetoka kwenye unga na maharage ya mtu. Tukinunua chombo kikafa baada ya miezi mitatu, hatujapoteza chuma na mbao tu. Tumepoteza chakula cha watoto, na safari nyingine watu hawatatoa.

2. TUITAZAME SAFARI YENYEWE

Kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Kutoka Jinja kwenda Mbale, kwa kupitia Iganga, Namutumba, Tirinyi na Kamonkoli, ni kama kilomita 150 nyingine. Amplifaya itapanda basi, itashuka, itapanda taksi, na mwisho pengine itapakatwa juu ya boda boda. Itatikiswa sana njiani.

Pia tufikirie umeme. Jinja ni mji wa umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa pale mwaka 1954. Lakini hata penye bwawa umeme hukatika, na ukirudi unaweza kurudi kwa nguvu isiyo sawa. Mikutano ya uwanjani hutumia jenereta. Nyumbani kambini tunategemea sola, betri na inveta. Mbale nako, chini ya Mlima Elgon, mvua ni kubwa. Mwishoni mwa Julai 2022 mafuriko yaliua watu mjini humo. Chombo chetu lazima kivumilie barabara, umeme wa kubahatisha na unyevu.

3. AMPLIFAYA MBILI KWENYE MIZANI

Tuchukue mifano miwili ambayo vijana wenyewe wameitaja. Ya kwanza ni Fender Hot Rod Deluxe, ya valvu, wati 40, spika moja ya inchi 12, uzito kama kilo 20. Ya pili ni Roland JC-40, ya transista, nayo wati 40, spika mbili za inchi 10, uzito kama kilo 16.

Valvu ni zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama taa ndogo. Tuwe wakweli: sauti yake ni tamu. Ukipiga polepole inaimba, ukipiga kwa nguvu inakwaruza kidogo kama sauti ya mhubiri aliyepandwa na moto. Vijana wanaoipenda hawajakosea. Lakini valvu ni kioo, na kioo na barabara mbovu si marafiki. Huchoka kwa kutumika na lazima zibadilishwe. Siku hizi nyingi hutengenezwa China, Urusi na Slovakia. Hazipatikani katika kila duka la redio. Tena hula umeme hata gitaa likiwa kimya: katika hiyo Hot Rod Deluxe, kuzipasha moto valvu zake tano peke yake kunachukua kama wati 17. Kwa betri ya sola huo ni mzigo.

Transista haina kioo cha kuvunjika wala haihitaji kupashwa moto; ukiwasha, inaimba. JC-40 ni mtoto wa JC-120, ambayo Roland waliitoa mwaka 1975 na ambayo inasifiwa kwa sauti safi isiyokwaruza. Na sisi watu wa sebene, sauti safi ndiyo tunayoitafuta! Solo inapopanda juu na mi-solo inajibu, kila nuti lazima isikike peke yake kama punje ya mahindi. Ikikwaruzwa, punje zinakuwa uji. Transista nayo ina udhaifu: vipande vyake ni vidogo sana, na bodi ikiungua si kila fundi ataiweza. Ila haiharibiki upesi kwa kutikiswa.

4. WATI SI KELELE

Wengine wanasema, "Tununue ya wati 100, ya 40 haitasikika." Hapa tujifunze. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, yaani kidogo tu sikioni. Ili sikio lisikie kama sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati karibu mara 10. Basi kutoka 40 kwenda 80 unalipa pesa nyingi na kubeba kilo nyingi kwa faida ndogo. Wati 40 zinatosha ukumbi wa kawaida. Uwanjani, weka mikrofoni ya kanisa mbele ya spika, mashine kubwa za wenyeji zitafanya kazi iliyobaki.

Tena kuna jambo la valvu ambalo wengi hawalijui. Ule utamu wake wa kukwaruza huja ukiisukuma kwa nguvu. Ukiisukuma hivyo ndani ya kanisa dogo, mama zetu wa sauti ya pili hawatasikika tena. Paulo aliwauliza Wakorintho: filimbi na kinubi visipotofautisha sauti, nani atajua kinachopigwa? Gitaa linalofunika maneno ya wimbo limeshindwa kazi yake, hata kama limepigwa vizuri.

5. PEDALI: AMPLIFAYA NDIYO INAYOAMUA

Vijana wengi huanza na pedali. Tunashauri waanze na amplifaya, maana ndiyo itakayosema pedali gani zinahitajika. JC-40 ina korasi na riveb ndani yake. Ile korasi ya JC-120 ndiyo iliyotiwa katika pedali ya BOSS CE-1 mwaka 1976. Kwa hiyo anayenunua JC hana haja ya kununua pedali ya korasi. Hapo tumeokoa pesa.

Kinachobaki ni tatu, kwa mpangilio huu kutoka gitaa kwenda amplifaya:

a) Tyuna. Hii ni ya kwanza, na kwa mwenye pesa kidogo ni ya pekee. Joto na baridi ya safari hulegeza nyuzi. Gitaa lisilo na tyuni huharibu kwaya nzima, na hakuna pedali inayolifunika kosa hilo.

b) Ovadraivu. Inatoa mkwaruzo ule wa valvu kwa sauti ndogo, bila kuwafunika waimbaji. Itumike mahali pachache.

c) Dilei. Mwangwi mfupi hunenepesha solo wakati wa sebene. Ukizidi, nuti zinagongana.

Pedali nyingi hutumia volti 9, na ncha ya katikati ya adapta huwa hasi. Angalieni alama iliyochorwa kwenye pedali kabla ya kuchomeka. Adapta ya kinyume inaweza kuiunguza. Na anayetumia betri achomoe waya wa gitaa akimaliza, kwa maana waya ukibaki ndani, betri inaendelea kuliwa usiku kucha.

6. USALAMA WA MTOTO NA MPIGAJI

Wazazi, someni hapa. Umeme wa Uganda ni volti 240. Amplifaya iliyotengenezwa kwa Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani itaungua. Mtu akikuuzia mtumba wa bei rahisi, soma nyuma yake kwanza.

Plagi yetu ina miguu mitatu, na ule mguu wa juu ni wa ardhi. Usikatwe. Bila ardhi, mpigaji mwenye mkono kwenye nyuzi akigusa mikrofoni kwa mdomo anaweza kupigwa na umeme, na watu wamekufa hivyo. Na amplifaya ya valvu isifunguliwe na mtoto wala na fundi wa kujaribu, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake umeme wa volti mia kadhaa unaweza kubaki umelala.

7. SHAURI LETU

Kwa kanisa la mjini lenye jengo lake, umeme wake na fundi wake, valvu ni chaguo zuri. Ikae pale pale isisafirishwe. Kwa kwaya ya kambi inayosafiri, tunashauri transista ya wati 40, pamoja na tyuna. Ovadraivu na dilei zitafuata baadaye, moja moja.

Tukigawa fungu sehemu 10, sita ziwe za amplifaya, mbili za pedali, moja ya waya na mfuko wa turubai, na moja ibaki kwa mtunza hazina kwa matengenezo. Hiyo ya mwisho isiguswe kwa jambo lingine.

Katika 1 Nyakati 25 tunasoma kwamba waimbaji wa nyumba ya Bwana waliofundishwa walikuwa 288. Waliandikwa kwa ujuzi wao na kwa baba zao waliowaongoza. Amplifaya haitampa kijana vidole. Zile saa za kujizoeza jioni na gitaa kavu hazidai umeme wala mchango.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Chombo kikiharibika Mbale siku ya Jumamosi, nani atakitengeneza, na kwa pesa gani?
2. Je, waimbaji wetu wanasikika maneno? Mwulizeni mzee anayeketi nyuma kabisa.
3. Nani atatunza chombo katikati ya wiki, na nani ana ruhusa ya kukiazima?

Kikundi kilete majibu kwa karani wa kwaya kabla ya kikao cha mwisho wa mwezi. Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.